Uzito wa Oili

Katika maduka ya vipuri ya Bariadi, pale madumu ya oili yanapopangwa nyuma ya kaunta, kuna kanuni ambayo haijaandikwa popote na bado inatawala: gari likizeeka, liongezewe uzito wa oili. Mteja akisema ana Hilux ya mwaka 1992, au Land Cruiser ya injini ya 1HZ, ni nadra kuulizwa gari linasumbua nini au linafanya kazi gani. Mkono wa muuzaji unakwenda kwenye 20W-50, au kwenye SAE 40 ile ya namba moja tu, na wakati mwingine kwenye SAE 50. Kijana aliyekuja na IST anapewa 5W-30. Mzee aliyekuja na pikapu anapewa nzito, na wote wawili wanaondoka wameridhika kwamba kila mmoja kapata stahiki yake.

Jambo hili limenikaa moyoni kwa sababu Simiyu ni mkoa unaobebwa na magari ya zamani. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, ukamegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, Bariadi ikawa makao makuu. Pikapu nyingi zinazoubeba ni kongwe kuliko mkoa. Zipo Hilux za injini ya 2L na 3L, zipo Land Cruiser ambazo watu huziita mkonga kwa lile bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mwa kioo. Mwezi wa Juni zinabeba pamba kutoka shambani hadi ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Msimu ukipita zinabeba dengu na choroko, mbuzi wa mnadani, mabati, saruji, bibi harusi, mjamzito wa saa nane za usiku. Pikapu moja ikifa injini kijijini, wanaumia hata watu ambao hawana umiliki wa tairi moja katika gari hilo. Ndiyo maana naona kwamba swali la oili gani itiwe linastahili utulivu mkubwa kuliko ule tunaolipa tukiwa tumesimama kaunta, huku mteja wa nyuma yetu akihimiza.

Kanuni ya oili nzito haikutoka hewani. SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kilianza kuzipanga oili kwa namba mwaka 1911, na kwa miongo kadhaa oili ilikuwa na namba moja: 20, 30, 40, 50. Zenye namba mbili zilianza kuenea miaka ya hamsini. Huku kwetu namba moja ilikaa muda mrefu zaidi, na haijaondoka. Bado ipo rafuni kwa bei nafuu. Mafundi waliowafundisha mafundi wa leo walifanya kazi kwenye malori ya pamba ya enzi za vyama vya ushirika, na oili zisizo na viongezi vingi, na vipuri vya kusubiri kwa miezi. Injini ikianza kugonga, au taa ya oili ikianza kucheza, dawa iliyokuwa mkononi ilikuwa kupanda namba. Walipanda, na gari likafika kiwandani na mzigo wake. Siwabezi hata kidogo. Walizihudumia injini walizokuwa nazo kwa oili waliyoipata.

Tatizo ni kwamba dawa ile imebaki baada ya mgonjwa kubadilika. Siku hizi inatolewa kwa kuangalia umri wa gari, na umri ni kitu ambacho injini haikijui. Injini inajua joto, mzigo, kasi ya mzunguko, na nafasi iliyopo kati ya chuma na chuma. Hilux ya 1992 ambayo ilimwagwa oili kwa wakati na kufanyiwa ovaholi vizuri miaka mitatu iliyopita ni changa ndani kuliko ya 2005 iliyoendeshwa bila filta ya hewa.

Tuziangalie namba zenyewe. Namba ya nyuma ndiyo uzito wa oili injini ikiwa na joto la kazi. Kwenye nyuzi 100, oili ya daraja la 30 ina uzito wa kati ya 9.3 na 12.5, kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde. Ya 40 ni kati ya 12.5 na 16.3, ya 50 inaanzia hapo hadi 21.9. Namba ya mbele, yenye herufi W, ni ya baridi. Oili ya 15W hupimwa kama starta itaweza kuizungusha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Bariadi haina baridi ya namna hiyo. Kwa hiyo watu husema namba ya mbele ni ya Wazungu na theluji yao, haituhusu.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu zaidi ya ziwa. Alfajiri za Juni na Julai watu hutoka na majaketi. Chukua oili mbili za kawaida, 15W-40 na SAE 40 ya namba moja. Kwenye joto la kazi zinalingana, zote karibu 14 au 15 kwa kipimo kile. Zipoe mpaka nyuzi 20, yaani asubuhi ya kawaida kabisa ya Simiyu, na ya kwanza itakuwa 300 na ushei huku ya pili ikipita 500. Oili ya namba moja saa kumi na moja alfajiri ni uji uliolala. Na saa hiyo ndiyo pikapu inapowashwa, ikiwa na betri iliyochoka na plagi za kupasha moto ambazo moja au mbili zimekufa. Oili yote imeshuka kwenye sampu usiku kucha. Lazima pampu iinyonye, iipitishe kwenye filta, iipandishe mpaka kwenye kamshafti kule juu. Mpaka ifike, vyuma vinategemea utando mwembamba uliobaki jana. Injini huchakaa sana katika dakika za mwanzo kabla haijapata joto, na hayo hutokea kila siku, hata mahali ambapo barafu huonekana tu dukani kwa wauza samaki. Kwa hiyo namba ya mbele inatuhusu. Inatueleza oili itachelewa kiasi gani kufika juu wakati tumesimama pembeni tunasubiri gari lipate moto.

Lakini uzito wa oili unafanya nini hasa ndani ya injini? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilipatikana kwa bahati. Mwaka 1883, huko Uingereza, mhandisi Beauchamp Tower alikuwa akichunguza beringi za ekseli za treni kwa niaba ya taasisi ya wahandisi wa mitambo. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kikombe cha kudondoshea oili. Mashine ilipozunguka, oili ilipanda kupitia tundu lile na kumwagika. Akaliziba kwa koki. Koki ikasukumwa nje. Akapigilia kizibo cha mbao, nacho kikatoka. Alipofunga geji, ilisoma zaidi ya pauni 200 kwa inchi ya mraba, zaidi ya mara mbili ya wastani wa mzigo uliokuwa ukiilalia beringi ile. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu kilichotokea. Ekseli inapozunguka huivuta oili na kuisokomeza kwenye upenyo unaozidi kuwa mwembamba. Oili, kwa kuwa ni nzito kiasi na haikimbii mara moja, hujenga presha yenyewe na kulinyanyua lile dude zima la chuma. Hakuna pampu iliyofanya kazi hiyo. Pampu huleta oili mlangoni tu.

Kila nikiifikiria habari hii naiona krenki ya Hilux inayotoka Nkololo na magunia ya pamba. Inaelea. Vitu vitatu vinaiwezesha kuelea: kasi inayozunguka, uzito wa oili, na upenyo, ambao kwenye injini mpya ya aina hii ni kama sehemu tatu hadi sita za mia za milimita moja. Mzigo unaisukuma chini, hivyo vitatu vinaisukuma juu. Ukielewa hivyo, utaona kwamba hata njia anayopita mwenye gari ni sehemu ya jibu. Mwenye kazi ya kwenda Lamadi na kurudi anapita lami, kilomita 70 na kidogo, gia ya tano, injini inazunguka vizuri na upepo unaipooza rejeta. Krenki yake inaelea bila shida hata kwa oili ya wastani. Mwenye kazi ya kuingia mashambani Meatu au Itilima anatambaa kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, gia ya kwanza na ya pili, mzigo umejaa mpaka spring zimelala, injini inazunguka taratibu huku inavuta kwa nguvu zote na jua linawaka. Huyo wa pili ndiye mwenye sababu ya kweli ya kutaka oili nzito kidogo. Magari yao yanaweza kuwa yametoka kiwandani mwaka mmoja.

Msimu mmoja wa pamba nilikuwa kwenye gereji moja ya Bariadi, ya wazi, chini ya mwarobaini, ikaja Hilux ya 3L kutoka upande wa Itilima. Taa ya oili ilikuwa inacheza kila gari likisimama baada ya safari. Mwenye gari, mkulima mtu mzima, alikuja na dumu lake la SAE 50 tayari mkononi.

"Fundi, nimwagie iliyomo, nitilie hii. Taa inaninyima usingizi."

"Ngosha, shikamoo kwanza," fundi akasema, akalipokea dumu na kuliweka kando ya mti. "Hebu tumpime. Dumu halikimbii."

Alifungua swichi ya presha ubavuni mwa injini na mahali pake akafunga geji yenye mpira mrefu. Wakawasha. Injini ilikuwa imepoa, mshale ukaruka hadi karibu tano. Mzee akatabasamu. Fundi akatikisa kichwa: hiyo ni oili baridi, haina habari. Wakatoka na gari likazunguke mpaka lipate moto sawasawa. Liliporudi, bila kukanyagwa mafuta, mshale ulikuwa unatetemeka kwenye sifuri nukta tatu, mahali ambapo taa nayo huanza kuwaka. Kitabu cha Toyota cha injini hizi hakihitaji makubwa kwa hali hiyo: nukta tatu kwa kipimo cha kilo kwa sentimita ya mraba, basi, na injini ikikanyagwa hadi mizunguko 3,000 kwa dakika isome kati ya mbili na nusu na sita. Gari hili lilikuwa limesimama juu ya mstari wenyewe.

Hapo wengi wangefungua lile dumu. Fundi alivuta stiki ya oili. Akaiangalia kwa muda. Kisha akachukua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, akasugua, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Ilikuwa inanuka dizeli. Akadondosha tone jingine kwenye kipande cha boksi, likasambaa, doa jeusi katikati na pete ya majimaji hafifu kulizunguka.

"Oili yako huwa inapungua?" akamuuliza.

"Hapana," mzee akasema kwa fahari. "Hili halili oili kabisa. Juzi nimepima naona kama imeongezeka."

Dizeli ilikuwa inashuka kwenye sampu. Nozeli mbili zilikuwa zinadondosha badala ya kupuliza, dizeli isiyoungua inapita kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Asilimia chache tu za dizeli zinatosha kuishusha oili ya daraja la 40 hadi 30 au chini yake. Yale maneno "halili oili", ambayo kwa mwenye gari yalikuwa cheti cha afya, ndiyo yalikuwa ugonjwa. Na ile SAE 50, kama ingetiwa, ingeinyamazisha taa kwa wiki kadhaa huku dizeli ikiendelea kushuka, hadi siku ambayo taa ingerudi ikikuta beringi zimeshakwanguka. Nozeli zilitolewa zikatengenezwa, oili ikamwagwa, ikatiwa 15W-40, na mshale kwenye moto uleule ukasimama juu ya mahali ulipokuwa, bila kutetemeka.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo ambao sioni haya kuutetea: namba iliyoandikwa kwenye dumu ni uzito wa oili siku ya kununuliwa. Injini inaishi na uzito wa oili iliyo ndani ya sampu leo, baada ya joto, dizeli, masizi na kilomita. Oili za namba mbili zenyewe zina viongezi vinavyozuia zisilegee kwenye joto, na viongezi hivyo hukatwakatwa polepole na kazi. 40 iliyokaa mno inaweza kuwa imeshateremka daraja. Tunahangaika kuchagua kati ya 40 na 50 dukani, halafu tunaiacha ndani mara mbili ya muda wake.

Na vipi ile injini ambayo kweli imechakaa, isiyo na dizeli kwenye oili, nozeli nzima, swichi nzima, lakini mshale unalala ikipata moto? Hapa kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mwenye pikapu aijue. Oili inayovuja kupitia upenyo haiongezeki sambamba na upenyo. Upenyo ukiongezeka mara mbili, oili inayovuja kwa presha ileile inaongezeka mara nane. Sasa toka 15W-40 uende 20W-50: kwenye joto la kazi unatoka 14 na nusu hivi hadi 18 na nusu hivi. Umeongeza uzito kwa zaidi kidogo ya robo. Robo hiyo inafidia upenyo uliopanuka kwa chini ya sehemu moja ya kumi. Ukishapita hapo, namba haina tena msaada, hata ukitia 50 ikafuatiwa na dawa za kuongeza uzito zinazouzwa kwenye makopo madogo karibu na kaunta. Geji itapanda kidogo, mlio utapungua kidogo, mwenye gari atalala vizuri. Chuma kitaendelea kulika.

Presha yenyewe hutudanganya. Pampu ya oili husukuma kiasi kilekile kwa kila mzunguko. Geji inaonyesha upinzani inaokutana nao. Oili nzito hupandisha mshale kwa sababu inapita kwa taabu, na ikiwa nzito mno valvu ya kupunguzia presha hufunguka na kuirudisha sampuni kabla haijafika kwenye kamshafti. Mshale umesimama juu, na kule juu kumekauka. Si kila anayeona geji imepanda ameiona oili imefika.

Oili hunyunyizwa pia kwenye kuta za silinda, na ringi huzikwangua. Ringi zikichoka, au sili za valvu zikikauka, oili huungua na moshi wa bluu hutoka nyuma. Oili nzito hupunguza ulaji huo, ni kweli, na kwa gari la kijijini linaloongezewa lita kila baada ya safari mbili tatu si jambo dogo. Kwa hiyo nasema hivi: kwa dizeli ya zamani isiyo na turbo, yenye presha nzuri na isiyokula oili, 15W-40 inatosha Simiyu mwaka mzima, hata ikiwa imezaliwa kabla ya dereva wake. Ikianza kula oili au presha ya moto ikianza kulegea, na chanzo kingine hakikuonekana, au ikiwa kazi yake ni kutambaa na mzigo kwenye mbuga, 20W-50 ina nafasi yake halali. SAE 50 ya namba moja sioni mahali pake. SAE 40 ya namba moja ningeiachia mashine ya kusaga inayowashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Maneno haya ni ya injini za aina ya 2L, 3L, 5L na 1HZ; pikapu za karibuni zenye turbo na vichujio vya moshi zina masharti mengine kabisa, na mwenye nayo asiazime ushauri wa jirani.

Kuna herufi kwenye dumu ambazo kwa maoni yangu zina uzito kuliko namba, nazo husomwa na wachache. Ni zile za API, taasisi ya petroli ya Marekani: kwa dizeli zinaanza na C. CF ni ya miaka ya tisini. CH-4 ilitoka mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002. Tofauti yake kubwa ni uwezo wa kubeba masizi bila kuyaacha yashikane na kuwa tope. Oili ya dizeli ikigeuka nyeusi mapema, watu hulalamika kwamba ni mbovu, wakati weusi ule mara nyingi ni dalili kwamba oili inayaokota masizi na kuelea nayo hadi siku ya kumwagwa. SAE 40 ya bei nafuu yenye CF tu, ikikaa safi machoni kwa muda mrefu, huenda imeyaacha masizi yakiganda chini ya kifuniko cha valvu. Dizeli yenyewe imesafishika: tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni, na hilo limepunguza tindikali inayoila oili. Vumbi halijapunguzwa na makubaliano yoyote. Kati ya Julai na Oktoba, magari yakifuatana kwenye njia za vumbi za Itilima na Meatu, hewa inayoingia kwenye injini ni ya kusagia. Mpira wa filta ya hewa ukipasuka ufa wa urefu wa ukucha, hakuna oili itakayoziokoa ringi. Ningemshauri mwenye pikapu aupapase mpira ule kwa vidole, kote, hata upande wa chini usioonekana, kabla hajatoa hela ya dumu.

Kuhusu muda, kilomita 5,000 ni kipimo cha haki kwa dizeli hizi, na kwa gari la mashambani ningekipunguza, maana saa nzima ya gia ya kwanza huandikwa kwenye dashibodi kama kilomita chache tu. Na dumu linunuliwe limefungwa, sili yake nzima, lenye alama ya TBS, shirika la viwango. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa haina namba wala herufi. Ina neno la muuzaji tu. Uzito wote tuliouzungumza unaanzia kwenye kuaminika kwa kile kilichomo.

Iliyomwagwa nayo ina safari yake. Oili chafu kwetu haitupwi ovyo yote; hupakwa kwenye mbao za kenchi na nguzo za uzio kuzuia mchwa. Lakini gereji nyingi zina doa lake jeusi ardhini, na mvua ya kwanza hulichukua. Maji ya huku hushuka kwenye mito ya Simiyu na Duma, na Simiyu unaingia Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke. Ziwa hilohilo ndilo lililowekewa mradi mkubwa wa kuleta maji ya bomba Busega, Itilima na Bariadi. Beseni la chini ya gari na pipa lenye mfuniko ni gharama ndogo sana, na ninatamani kila halmashauri ya mkoa huu ingeliona jambo hili kuwa lake.

Nimesema oili nzito haiponyi beringi zilizolika, na nasimama hapo. Lakini nimekaa na wakulima kiasi cha kujua kwamba ovaholi haifanyiki siku fundi anapoitaja. Inafanyika siku pamba inapolipwa. Mwenye gari ambaye krenki yake imelika na hela yake bado iko AMCOS ana haki ya kutia 20W-50 na kumaliza msimu, mradi ajue anachonunua ni wiki kadhaa, na fundi amwambie hivyo waziwazi badala ya kumwambia gari limepona. Katika wiki hizo apunguze magunia, asubiri injini ipate joto kabla ya kupakia, apime stiki kila anapojaza dizeli na aandike kiasi alichoongeza, na kifuniko cha dumu la SAE 50 asikifungue kwa sababu ya mlio. Malipo yakitoka, injini ishushwe, krenki ipelekwe Mwanza ikachongwe, zirudi beringi za saizi ya 0.25 na ringi mpya, yote kabla mvua za Novemba hazijazifunga njia za mbuga.